Kaa la Moto Lililouliza Jina

Usiku wa kuamkia leo nimeota nchi inafungwa.

Haikufungwa kwa vita wala kwa njaa. Alikuja bwana mmoja mwenye koti refu la mvua, akasimama kwenye mlango wa jiko la Bibi, akapiga hodi kwa adabu kabisa, akasema, "Samahani dada, tunafunga."

"Mnafunga nini?"

"Kila kitu. Umeme tumeshaufunga. Simu tumezifunga asubuhi hii. Sasa hivi vijana wanaikunja barabara, wakimaliza tutakuja na huku kwenu."

Nikachungulia nyuma yake. Ni kweli. Barabara inayopanda kutoka tambarare mpaka kijijini kwetu Kwakiondo, huku juu milimani Upareni, inakunjwa kama mkeka baada ya msiba. Wanaume wawili wanaisukuma kwa magoti. Mahali inapotoka panabaki majani mabichi, kana kwamba hapajawahi kupita gari. Zahanati imeshakunjwa, imo ndani ya barabara. Mkono wa nesi umechomoza kwenye mkunjo, unatupungia.

Sikuona ajabu. Nilichofikiria ni kwamba nimekutwa bila viatu na mgeni yupo mlangoni.

"Lakini mmejiandaa?" bwana yule akauliza.

Nilisema tumejiandaa. Chuoni nilisomea maendeleo ya jamii, na baadaye nilihudhuria semina ya kukabiliana na maafa, kwa hiyo nina begi. Begi hilo ninalo kweli, si la ndotoni tu. Lina tochi, redio ndogo, filimbi, viberiti na jiko dogo la gesi.

"Vizuri sana," akasema. "Basi mimi nitamsubiria Bibi."

Akapita bila kufuta miguu. Kitanda cha Bibi wakati huo kilikuwa kimehamia jikoni, na Bibi alikuwa amelala juu yake na kilemba chake cha kanisani. Bwana akaketi upande wa miguuni, akafunua blanketi, akaishika miguu ya Bibi kwa mikono miwili.

"Huwa tunaanza na miguu," akanieleza. "Ndio utaratibu."

Mahali alipopaswa kuwa na uso palikuwa na ukungu, ule wa kwetu wa mwezi wa saba, unaolowesha nguo ambazo umeshazianua.

"Tumsifu," Bibi akaniita. "Mjukuu wangu, miguu yangu siisikii. Washa moto."

Nikafungua begi. Jiko la gesi likatoka lenyewe, likanyoosha miguu yake mitatu, likasema, "Mimi nimekuja na barabara, na nitaondoka na barabara." Likatembea mpaka nje, likajilaza kwenye mkunjo karibu na mkono wa nesi. Tochi ikasema makubaliano yake yalikuwa na betri, si na mimi. Redio haikusema kitu. Ilikohoa tu kama mtu anayetaka kuaga na hajui aanzie wapi.

Nikachukua kiberiti. Kijiti cha kwanza kikaficha kichwa. "Naomba aanze mwenzangu," kikasema. Nikachukua cha pili. "Huyo wa nyuma yangu anajua zaidi." Cha tatu kikaanza kutetemeka kabla sijakigusa, na kichwa chake chekundu kikatoka jasho mpaka rangi ikachuruzika. Niliona huruma. Nikavirudisha vyote ndani, nikakifunga kiberiti taratibu. Chuoni mimi mwenyewe nilikaa kiti cha nyuma miaka yote.

"Sasa mnafanyaje?" likauliza figa la kwanza.

Bibi ana mafiga matatu aliyoyakuta kwenye nyumba hii alipoolewa. Hayajawashiwa moto tangu kijiji kizima kilipohamia kwenye gesi. Yalikuwa yamekaa kwenye majivu kama wazee waliosahauliwa kwenye harusi.

"Tungekushtaki," figa la pili likasema, "ila mahakama nayo imekunjwa."

Hayo ni mafiga ya Kipare, na Mpare kwa kesi hana mchezo, kwa hiyo nililichukulia jambo hilo kwa uzito.

"Kaombe moto kwa jirani," la kwanza likasema. "Chukua kigae cha chungu, tandaza majivu, watakuwekea kaa. Si ndivyo ilivyokuwa siku zote? Nani alikuwa na kiberiti?"

"Na usiubebe kimya," likasema la tatu, ambalo halikuwa limesema neno. "Moto wa kuomba unataka kuzungumzishwa njiani. Ukinyamaza, unakufa."

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli. Bwana mwenye koti sikumwogopa hivyo. Niliogopa kupiga hodi, niliogopa kusema njia nzima. Nikamtazama Bibi. Mikono ya yule bwana ilikuwa imeshapanda mpaka kwenye vifundo, na ngozi aliyoiacha nyuma ilikuwa ya kijivu, imekaza, kama udongo wa chungu ambacho hakijachomwa.

"Nenda tu," akasema kwa upole. "Mimi sina haraka. Mikono yangu tu ndiyo ina haraka."

Nikatoka na kigae. Mlangoni jembe letu likanifuata.

Lazima nieleze habari ya jembe. Kwetu kuna msaragambo. Pembe ikilia asubuhi, kila nyumba inatoa mtu mmoja, wanakwenda kuzibua mifereji au kutengeneza ndiva, lile bwawa letu la udongo linalolaza maji usiku ili mashamba yapate mchana. Watu wanaimba, wanataniana, wanachekana suruali. Mimi ule utani naupenda kuusikia kwa mbali, kutoka dirishani. Kuwa katikati yake siwezi, nahisi uso unawaka. Kwa hiyo nyumba yetu huwa inatoa jembe. Namwazima anayepita, naye anasema, "Hili ni la kwa Tumsifu."

"Nimechoka kukuwakilisha," jembe likaniambia njiani. "Wameshanizoea mpaka wananitania mimi."

Zamani walisema asiyefika msaragambo hana jirani. Nilidhani ni maneno tu ya kutisha watu. Sasa naona nyumba zote za Kwakiondo zimegeuka, zimetupa mgongo. Naizunguka nyumba ya Mama Kangero, jirani yetu wa karibu, nitafute mlango. Nayo inazunguka. Naongeza mwendo. Inaongeza mwendo, bati zake zinalia.

"Hodi," nikasema.

"Sauti hii siijui," nyumba ikajibu.

"Ni Tumsifu. Wa kwa Bibi, hapo juu."

"Jembe lake nalijua. Yeye simjui."

"Ni yeye," jembe likasema kwa uchovu. "Mfungulieni."

Mlango ukafunguka upande ambao hapakuwa na mlango. Mama Kangero akatoka na kanga mabegani, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na mkononi ameshika kigae kitupu.

"Ee, kumbe una miguu," akasema. "Na mimi ndio nilikuwa nakuja kwenu kuomba moto."

"Na mimi nimekuja kuuomba kwako."

Tukatazama vigae vyetu.

"Wangu niliuacha ukafa kwa sababu nilijua Bibi yako anao," akasema.

"Bibi aliuacha kwa sababu alijua wewe unao."

"Basi twende kwa Mama Elieza. Yule hawezi kukosa, ni mchoyo."

Njia ya kwenda kwa Mama Elieza ikawa ukumbi wa bweni letu la chuo, mrefu, wenye milango pande zote mbili na taa zilizozimika. Kila mlango ukifunguka anatoka mwanamke na kigae. Mama Elieza alitoka wa kwanza. Akatoka Mama Senkondo, aliye mzee kuliko wote, akiegemea fimbo. Wakatoka wengine. Wote walikuwa wanakwenda kwa mwingine.

"Mama Elieza, wewe si ulisimama kanisani ukatutangazia gesi?" Mama Kangero akamwuliza.

"Sikutangaza. Nilitoa ushuhuda."

"Ulisema moshi ni wa Shetani."

"Nilisema macho yangu yamepona. Usinipakazie."

Tukaendelea, kundi linakua, na kila tulipofika tuliambiwa moto uko nyumba inayofuata. Mlango wa mwisho wa ukumbi ulikuwa mwembamba kuliko mingine. Nikausukuma, nikajikuta nyuma ya nyumba yetu wenyewe, kwenye dirisha la jiko. Tulikuwa tumemaliza kijiji.

Nikachungulia. Bwana amefika kiunoni. Amelaza kichwa cha ukungu pembeni kama fundi anayesikiliza mashine. Kuanzia kiunoni kushuka, Bibi ni udongo mtupu, na kwenye goti umeanza kufanya ufa.

"Tumsifu," Bibi akasema bila kugeuka. "Hujapata tu?"

Mama Kangero akanishika bega. Mkono wake ulikuwa mzito na wa joto, na kwa mara ya kwanza nilitambua kwamba hajawahi kunigusa, kwa sababu hajawahi kunipata karibu.

Pembe ikalia. Haikupulizwa na mtu. Ilikuwa imening'inia yenyewe hewani juu ya ndiva, na ilikuwa inalia kwa kwikwi.

Tukajikuta wote tumekaa kwenye ukingo wa bwawa. Maji yalikuwa yamekauka, na katikati ya tope mafiga yetu matatu yalikuwa yametutangulia, yameketi kama wazee wa baraza.

"Moto ukifa nyumba moja, unaombwa," figa la kwanza likasema. "Ukifa kijiji kizima, unazaliwa. Na hauzaliwi na mtu mmoja. Nani anajua kupekecha kijiti mpaka kitoe moto?"



"Mimi sijui kupekecha," Mama Elieza akasema. "Ila najua mti. Baba alikuwa anatuma tumletee, mmoja mgumu wa kusimama, mmoja laini wa kulala."

"Mimi mti siujui," akasema Mama Senkondo, "ila najua kinachowekwa chini. Nyuzi za mgomba uliokufa wenyewe. Ukiukata haufai."

Mwingine alijua mikono inavyoshuka. Mwingine alijua kwamba lazima mtu akinge upepo na kanga, ila hakujua upande gani, na jirani yake akajua upande. Hakuna aliyekuwa na jambo zima. Kila mmoja alikuwa na kipande alichokihifadhi bila kujua kwamba kina vipande vingine. Walikuwa wanabishana, wanasahihishana, na kile kijiti kigumu kikawa kimesimama kwenye kibao chake, tayari.

Mama Kangero akatemea viganja, akaanza kupekecha. Kijiti kikazunguka, kikalia. Akachoka. Mama Elieza akanyoosha mikono ampokee.

"Simama," kijiti kikasema. "Nani ananishika?"

"Mama Elieza."

"Elieza hajanishika. Nauliza mwenye mikono."

"Ni mimi, naitwa..."

"Mtu hajiiti. Anaitwa. Anayeniacha amwite anayenipokea, la sivyo napoa."

Mama Kangero akakuna kichwa. "Rehema?" akajaribu.

"Hilo ni la ubatizo, ni la mchungaji. Nataka alilopewa na mama yake."

Nikaona nyuso zao zinabadilika. Wamechimba mifereji pamoja, wamezalishana, wamezikiana waume, na wanaitana kwa majina ya watoto. Waliolewa huku wakitokea kila upande wa mlima, na majina yao ya usichana waliyaacha kwenye milango ya mama zao. Kijiti kilianza kupoa. Kilikuwa kinatoa sauti ndogo kama ya kikombe kinachopasuka.

Mimi nilikuwa nayajua.

Chumba changu kimepakana na cha Bibi, na ukuta ni wa mbao. Kila alfajiri Bibi anasali, na katika sala yake anapita kijiji kizima, nyumba kwa nyumba, akiwataja wanawake kwa majina ya usichana, kwa sababu anasema Mungu aliwajua kabla ya wanaume zao. Nimelala nikiyasikia tangu niko mdogo. Yamo kichwani mwangu kama hesabu ya kuzidisha.

Ila yalitakiwa yatoke, na watu wote walikuwa wananitazama. Uso wangu ukawaka. Nilitazama tope. Nikafikiria ule ufa kwenye goti.

"Namkunda," nikaliambia tope.

"Sijasikia," kijiti kikasema.

"Namkunda. Mama Elieza ni Namkunda."

Mama Elieza akanigeukia taratibu sana, mdomo wazi. Mama Kangero akamwita, naye akakipokea kijiti kama mtu aliyerudishiwa kitu chake kilichopotea sokoni.

"Kumbe una meno," Mama Kangero akaniambia. "Miaka yote nilidhani mdomo wako umeshonwa. Na mimi nani?"

"Nanzighe."

Akacheka, halafu akafuta macho kwa kanga, akasema ni moshi, wakati moshi ulikuwa bado.

Basi nikawa nawataja. Nakiete, ambaye ndiye Mama Senkondo. Wengine, mmoja mmoja, kila mikono ilipobadilishana. Jembe langu likanisukuma kwa mpini na mimi nikaitwa, nikapekecha mpaka viganja vikachubuka. Unga mweusi ukamwagika kwenye nyuzi za mgomba. Ukatoa moshi mwembamba. Namkunda akapuliza. Kitu kikafungua jicho jekundu, kikatutazama wote, kikasema, "Nani ananiomba?"

Kila mmoja akapewa kaa lake. Langu nikaliweka kwenye majivu, nikakimbia.

Nalizungumzisha. Naliambia habari za nyumba linakokwenda: kwamba tuna paka asiyeshika panya, kwamba Bibi hapendi makande ya jana lakini anayala ili yasitupwe, kwamba mlango wa jiko unagoma wakati wa mvua. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo maishani. Ukungu umeshuka, njia siioni. Nyuma yangu nasikia barabara inaviringishwa, inakuja, nzito, inaponda kitu kimoja kimoja. Siangalii nyuma. Nalisimulia kaa kuhusu kilemba cha Bibi, kuhusu kikohozi chake, nalo linawaka vizuri, linasema, "Enhe. Enhe."

Nafika mlangoni. Ndani naona bwana amefika shingoni. Mwili wote wa Bibi ni udongo, umebaki uso tu.

"Karibu," bwana anasema. "Nilikuwa nafika mdomoni."

Nainama kwenye mafiga. Kaa likafifia.

"Subiri," likasema. "Naingia kwa nani hapa?"

"Kwa Bibi."

"Bibi ni wa wajukuu. Jina lake."

"Kwenye kadi ya kliniki wameandika Ana."

"Hilo la mchungaji."

Nilitafuta kichwani. Nikazipita sala zote, alfajiri zote, nyumba zote za Kwakiondo, na nilipofika kwetu nikakuta nafasi tupu. Bibi anawaombea wote. Yeye hajawahi kujitaja.

"Bibi," nikasema, "unaitwa nani?"

Macho yake yalinitazama. Alikuwa analijua. Nilimwona analijua. Lakini mtu hajiiti, na kidole cha ukungu kilikuwa kimeshalala kwenye mdomo wake.

Kaa lilikuwa la kijivu kote, limebaki na nukta nyekundu kama jicho la panzi. Nikatoka mlangoni nalo. Sioni nyumba hata moja. Sijui kama bado zipo, au kama zimenipa mgongo. Nikavuta pumzi, nikapiga kelele kwenye ukungu, kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

"Bibi yangu anaitwa nani? Jamani, nani anajua jina la Bibi yangu?"

Kwa mbali mtu akauliza mtu. Sauti ikapokelewa na nyumba nyingine, na nyingine, ikawa inakwenda mbali kuelekea ndiva. Nikasubiri irudi. Nukta ile nyekundu ikafumba.

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Kwa kawaida wakati huo namsikia Bibi upande wa pili wa mbao, yuko kwenye sala, amefika kwa Namkunda au kwa Nakiete. Leo hapakuwa na sauti. Nikabonyeza swichi ya taa, umeme hakuna. Umeme kwetu hukatika mara kwa mara, nikajiambia. Nikasikiliza bodaboda zinazopanda asubuhi na mzigo wa maziwa. Sikuisikia hata moja. Ukungu ulikuwa umekaa kwenye kioo cha dirisha.

Nikajiambia amelala. Wazee hulala. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda na sikuweza kunyanyuka kwenda kutazama.

Ndipo nikasikia hodi. Nilifungua, nikamkuta Mama Kangero na kanga mabegani, nywele hajachana. Ameshika kigae cha chungu, amekifunika kwa kiganja.

"Wewe mtoto una sauti," akasema. "Tumekusikia mpaka ng'ambo ya ndiva. Samahani, jibu limechelewa. Ilibidi Mama Senkondo aamshwe, maana ndiye aliyetoka bonde moja na Bibi yako."

Nikamtazama.

"Ni Nakijwa," akasema. "Haya, nenda. Unanitazama nini?"

Mlango wa chumba cha Bibi ulikuwa wazi. Alikuwa amelala chali, blanketi limefunuliwa miguuni, na hakutikisika nilipoingia. Nikashika mguu wake. Ulikuwa wa baridi, lakini miguu ya wazee huwa ya baridi.

"Nakijwa," nikasema.

Hakuna kitu. Nikaita tena kwa ile sauti nyingine, kubwa, ya ukunguni.

"Nakijwa!"

"Abee," akaitika, kama msichana anayeitwa na mama yake kutoka bondeni.

Macho yake yalibaki yamefumba. Alijivuta, akaingiza miguu chini ya blanketi.

"Funga mlango, mjukuu wangu," akasema. "Yule bwana ameuacha wazi."